Tusimsingizie mwewe: vifaranga wetu tunawapoteza wenyewe

Nyamianda, Uvira. Msimu huu wa mvua kuku wangu mwenye madoadoa aliangua vifaranga kumi na mmoja. Watoto wa nyumbani walifurahi, wakaanza kugawana: huyu wangu, yule wako. Baada ya wiki mbili walibaki watatu. Jirani akiniuliza wamekwenda wapi, nilikuwa na jibu moja tu: mwewe. Jibu hilo hapa kwetu halimshangazi mtu. Kila parseli ina kesi yake na mwewe.

Siku moja nilimjibu hivyo mama mmoja wa avenyu yetu, muuza ndagala, ambaye kuku wake hawapungui chini ya ishirini mwaka mzima. Akacheka kwanza. Kisha akaniambia: "Papa, hesabu muzuri. Mwewe ulimuona akibeba ngapi?" Nikahesabu kwa vidole. Mwewe nilimwona mara mbili. Watatu tuliwakuta asubuhi wamekauka kwa baridi, baada ya usiku wa mvua kubwa. Mmoja alizama ndani ya beseni ya kufulia nguo. Mmoja aliliwa na panya usiku. Mmoja alikufa baada ya watoto kumpa mabaki ya samaki wa chumvi. Jumla nane. Yule mama akasema: "Basi mwewe ni wawili. Wale sita walikufa ndani ya nyumba yako."

Maneno yale yaliniuma, na ndiyo sababu ya andiko hili. Ninaona kwamba hapa Nyamianda, na katika kata nyingi za mji wetu, tunafuga kuku kwa mazoea ya kumwachia kuku mama kila kitu. Tunasema kuku anajitafutia. Kuku mkubwa, ndiyo, anajitafutia. Kifaranga wa siku tatu hajitafutii chochote isipokuwa kifo. Na hasara hiyo tunaiita bahati mbaya, au mwewe, au jicho la jirani, wakati sehemu kubwa yake ingezuilika kwa kitunga, kifuniko cha kopo na chanjo ya tone moja.

Kwa nini jambo dogo hivi liandikwe?

Kuna atakayesema: mwandishi, mji una matatizo makubwa, wewe unatuandikia vifaranga. Ninamwelewa. Tumeona vita vikija na kuondoka na kurudi. Tuliona mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ukabeba nyumba na watu. Tumeona maji ya ziwa yakipanda hadi ndani ya nyumba za walio karibu na ufuko. Kipindupindu tunakijua kwa jina na kwa sura. Lakini ninawauliza: baada ya kila moja ya mabaya hayo, familia ilianza tena na nini? Wachache walianza na pesa. Wengi walianza na kitu kidogo, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa kuku jike mmoja, wa kununuliwa au wa kupewa na ndugu.

Tupige hesabu ya nyumbani. Kuku wetu wa kienyeji, akitunzwa kwa kawaida tu, anaweza kuatamia kama mara tatu kwa mwaka. Tuseme kila mara anaangua vifaranga kumi. Ni thelathini kwa mwaka. Ukibaki na watatu kila mara, kama nilivyobaki mimi, una kuku tisa. Ukibaki na saba kila mara, una ishirini na mmoja. Tofauti ni kuku kumi na wawili kutoka kwa mama mmoja yule yule, ndani ya parseli ile ile. Kila mzazi anajua kuku kumi na wawili ni kitu gani. Tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, lakini madaftari, viatu na nguo za shule havijawa bure, na wa sekondari bado analipiwa. Kuku ndiye anayeuzwa asubuhi mtoto akiwa na homa usiku. Ni benki isiyodai karatasi wala isiyofunga milango mizinga inapolia.

Kwa hiyo kifaranga anayekufa siku ya tatu ni daftari lililokufa. Nimeona afadhali niliseme wazi.

Siku za kwanza ni za joto

Yai la kuku linachukua siku 21. Siku ya kuangua watu wengi tunafanya haraka. Tunamwinua mama kila saa kuona wametoka wangapi. Wengine wanabandua ganda la yai ili kumsaidia kifaranga anayechelewa. Tuache. Ndani ya ganda kuna mishipa ya damu ambayo bado haijakauka, na ukiibandua mapema unamtoa damu. Kumpasua ganda hadi kutoka kunaweza kumchukua nusu siku au zaidi. Akitoka, ana akiba tumboni: kiini cha yai kimeingia mwilini mwake, na kinaweza kumtunza siku mbili hadi tatu bila chakula. Mungu amempa muda wa kusubiri ndugu zake. Basi na sisi tusubiri.

Asichoweza kusubiri ni joto. Kifaranga mpya ana manyoya laini ya kitoto ambayo hayazuii baridi, na yakilowa ndiyo kabisa. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha linapunguzwa nyuzi kama tatu kila wiki, mpaka apate manyoya yenyewe, kati ya wiki ya nne na ya sita. Uvira ni mji wa joto, ndiyo, na mchana hatuhisi shida. Lakini usiku wa mvua, upepo ukishuka kutoka milima ya Mitumba na sakafu ya saruji ikiwa na unyevu, kifaranga aliyeachwa nje ya mbawa za mama yake hafiki asubuhi.

Hauhitaji kipimajoto. Vifaranga wenyewe wanasema. Wakijibana pamoja na kulia sana, wana baridi. Wakitawanyika mbali na mama huku wamefungua midomo, wana joto kupita kiasi. Wakizunguka kwa utulivu, wakala, wakalala kidogo, wote wako sawa.

Fanya mambo mawili tu. Kwanza, weka mama na watoto wake juu ya kitu kikavu: maganda ya mpunga, ambayo huko Kiliba na Sange kwenye mashine za kukoboa hayakosekani, au maranda ya seremala, au hata mchanga mkavu. Badilisha kila kinapolowa. Pili, usiku wa baridi, au kama mama amekufa, jaza maji ya moto kwenye bidoni ndogo au chupa, ifunge vizuri, izungushie kitambaa au kipande cha kikwembe kuukuu, uiweke kati yao. Na hapa ninaonya kwa nguvu: usiweke mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa ili kuwapa joto vifaranga. Moshi usioonekana wa makala unaua kuku, na unaua watu waliolala chumba hicho hicho. Kuku hata mmoja hastahili bei hiyo.

Maji yanayoua na chakula kinachoua

Mtu akisema amewapa vifaranga maji, muulize amewapa ndani ya nini. Beseni, sufuria, hata sahani yenye kina, vyote ni ziwa Tanganyika kwa kiumbe cha ukubwa huo. Tumia kifuniko cha kopo, au kisahani, kisha weka mawe madogo safi ndani yake ili midomo ifike kwenye maji lakini miguu isizame. Maji yawe yale ambayo wewe mwenyewe ungekubali kunywa. Ninajua bomba likikauka siku kadhaa tunavyohangaika na bidoni. Lakini vifaranga kumi hawamalizi hata kikombe kimoja kwa siku katika wiki ya kwanza. Si maji ya kukosa.

Chakula: hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya. Tunamwaga unga wa mahindi au wa muhogo, tunasema wamekula. Wameshiba, hawajala. Kifaranga anayeota mwili na manyoya anahitaji chakula ambacho karibu sehemu moja ya tano ni protini, ile ya kujenga mwili. Mahindi hayana hata nusu ya hiyo. Muhogo ndio kabisa, karibu hauna. Ndiyo maana unaona kifaranga wa mwezi mmoja ana tumbo kubwa, mbawa zinaning'inia, na bado ana ukubwa wa ngumi.

Dawa ya tatizo hilo iko sokoni kwetu. Ndagala zilizovunjika, ambazo wamama wanazikung'uta chini ya gunia mwisho wa siku, zikitwangwa ni chakula bora. Soya iliyokaangwa na kusagwa vilevile. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, watoto wakusanye wa kula wao na wa kuku. Ongeza lengalenga iliyokatwa ndogo ndogo. Changanya na mahindi yaliyopondwa au pumba laini, uwape kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku.

Lakini mambo mawili yaangaliwe. Samaki wa chumvi asitolewe kwa kifaranga, kwa sababu chumvi nyingi inamuua haraka. Mimi nimejifunza kwa hasara. Ndagala nazo, kama zimewekwa chumvi, zioshwe na zianikwe tena kwanza. Na mahindi yenye kuvu, yale tunayosema hayafai kwa bugali basi yawe ya kuku, yasiwe ya mtu yeyote. Sumu ya kuvu hiyo inaharibu ini la kuku kama inavyoharibu letu.

Mwewe naye yupo, lakini ana dawa

Sisemi mwewe hana kosa. Yupo, na kunguru mwenye kola nyeupe yupo, na paka wa jirani yupo. Lakini mwewe anachukua anachokiona. Wiki tatu au nne za kwanza, mfungie mama na watoto wake. Kitunga kikubwa kilichogeuzwa kinatosha mchana, chini ya kivuli cha mwembe au cha paa. Mama akiwa amefungiwa ndani, watoto hawaendi mbali. Usiku waingie kwenye sanduku la mbao au kibanda ambacho panya hapiti, yaani kisiwe na tundu linalopitisha kidole gumba. Asubuhi ukiona mmoja hayupo, usiseme mwewe. Mwewe halindi zamu ya usiku.

Faida ya kuwafungia ni zaidi ya usalama. Kuku mama anayezunguka kutwa anawachosha watoto, anawapitisha kwenye mifereji na majalala, na anawapeleka kwa kuku wa watu wengine. Na hapo ndipo adui mkubwa kuliko wote anakaa.

Ugonjwa unaofagia avenyu nzima

Kila mkaaji wa Uvira anaujua hata kama haujui kwa jina. Unakuja mara nyingi majira yanapobadilika. Kuku mmoja anainama, anaharisha kijani, anapumua kwa shida, shingo inapinda. Siku mbili tatu, amekufa. Wiki moja, avenyu nzima haina jogoo wa kuwika. Waganga wa mifugo wanauita Newcastle, kwa sababu mwaka 1926 ulionekana huko Newcastle, Uingereza, na mwaka huo huo ukaonekana Java, Asia. Ndugu zetu Watanzania wanauita kideri au mdondo.

Hauna tiba. Ninarudia, kwa sababu kuna watu wanauza vidonge vya binadamu, mchanganyiko wa pilipili na majivu, na vitu vingine kwa ahadi ya kuponya. Kuku anayepona huenda hakuwa na ugonjwa huo, au alikuwa na bahati. Kinachofanya kazi ni chanjo, kabla ugonjwa haujafika. Chanjo haiponyi kuku ambaye tayari anaumwa, na inahitaji kama wiki mbili mwilini kabla ya kumkinga.

Ipo aina inayoitwa I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, ingawa nayo isiachwe juani. Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, wanaitengeneza wenyewe. Inatolewa tone moja ndani ya jicho moja, kwa kuku mkubwa na kwa kifaranga sawasawa, na inarudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Haihitaji sindano, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kumshika kuku huku mama anadondosha.

Basi kwa nini hatuchanji? Wengi wanajibu: pesa. Mimi ninasema pesa ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni hii: chupa ya chanjo inatengenezwa kwa kuku mia moja, mia mbili au zaidi, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi kwa muda mrefu. Mwenye kuku sita akiinunua, anatumia matone sita na mengine anayamwaga. Hapo kweli ni ghali. Lakini kama avenyu nzima ingechanja siku moja, gharama kwa kila kuku ingekuwa ndogo mno, na ugonjwa usingepata mlango. Maana hata ukichanja wako peke yako, vifaranga watakaozaliwa baadaye watakutana na kuku wa jirani asiyechanjwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Pendekezo langu ni hili, na ninaliweka mbele ya viongozi wa avenyu na wa kata ya Nyamianda: tuwe na siku ya chanjo ya kuku mara tatu kwa mwaka. Tarehe ijulikane. Kila nyumba ihesabu kuku wake, ilete mchango wake mapema. Watu wawili waaminifu, na mmoja wao awe mama, wakusanye. Mganga wa mifugo aitwe, achanje, na awafundishe vijana wanne au watano wa avenyu ili mara ya pili wasimsubiri. Kuku wasitoke ndani asubuhi hiyo mpaka wafikiwe, kwa sababu kumkimbiza kuku avenyu nzima ndiyo kazi ngumu kuliko chanjo yenyewe. Hatuhitaji mradi wala gari lenye bendera kufanya hivyo. Tayari tunajua kuchangia msiba, tunajua kuchangia harusi, tuna vikundi vya akiba vya wamama vinavyotunza hesabu ya kila juma bila kupotea hata franka moja. Tuchangie na kuku.

Kuuza mgonjwa ni kumwambukiza jirani

Kuna jambo moja linauma kulisema. Ugonjwa ukiingia, wengi wetu tunakimbilia sokoni kuuza kuku aliyebaki kabla hajafa. Ninaelewa: ni hasara, na tumbo halingoji. Lakini kuku yule anakwenda kwenye parseli ya mtu mwingine, pengine ya mjane aliyetumia akiba yake ya miezi. Manyoya na utumbo wa waliochinjwa tunautupa mfereji, mvua inaupeleka chini kwa wengine. Tunalalamika kwamba ugonjwa umetoka kata fulani, na kata hiyo inalalamika umetoka kwetu. Aliyekufa kwa ugonjwa azikwe, shimo lenye kina, mbwa wasifukue.

Na anayenunua awe na akili. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ifanye methali hiyo kuwa sheria ya nyumba: kuku mpya afungwe peke yake, mbali na wengine, siku kumi na nne. Akiwa mzima mpaka hapo, afunguliwe. Mashirika yanayogawa kuku kwa waliorudi kutoka ukimbizini nayo yasikie: kuku asiyechanjwa, kutoka mbali, anayegawiwa kwenye avenyu siku ya picha, anaweza kufuta kuku wote waliokuwepo kabla yake. Ukitaka kutusaidia, chanja kwanza, subiri, ndipo ugawe.

Watoto wetu kwanza

Sitaki kufundisha watu kupenda kuku hadi wasahau watoto. Nyumba zetu ni ndogo, na wengi tunalala chumba kimoja na kuku kwa hofu ya wezi. Kinyesi cha kuku kinabeba vijidudu vinavyomharisha mtoto mchanga anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Katika mji ambao kuharisha kumeshatuzika wengi, tusicheze. Vifaranga wawe na kona yao yenye kizuizi, mtoto asifike. Sakafu ifagiliwe kila asubuhi kabla mtoto hajashuka kitandani. Aliyeshika kifaranga anawe mikono kwa sabuni, hasa hao watoto wanaowabusu. Na ukiweza kumpigilia mbao chache nje, ukutani, karibu na dirisha lako, utamsikia mwizi na hutalala na kinyesi.

Kuku wa mama, nyama ya baba

Ninamalizia na jambo ambalo wababa wenzangu hawatalipenda. Katika nyumba nyingi, anayefagia kinyesi ni mama, anayekusanya kumbikumbi ni mtoto, anayeamka usiku vifaranga wakilia ni mama. Lakini siku mgeni akija, baba ndiye anayesema: chinja yule mkubwa. Mara nyingi yule mkubwa ndiye kuku mama mwenye watoto wa wiki mbili. Wageni wanakula vizuri, na vifaranga kumi wanakufa mmoja mmoja bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili. Kisha tunasema: mwewe.

Nani atajitahidi kutunza kitu ambacho anajua kitachukuliwa bila kuulizwa? Ukitaka vifaranga waishi, mwenye kuwatunza awe na sauti juu yao. Mpe binti yako kuku jike mmoja, useme mbele ya wote kwamba ni wake, na mayai yake ni yake, na akiuza ataamua anunue nini. Utashangaa jinsi kifuniko cha maji kitakavyojazwa bila kukumbushwa. Heshima kwa mgeni ni kitu kikubwa kwetu, siikatai. Lakini jogoo wapo, na wageni wanapenda jogoo.

Atakuwepo atakayesema haya yote ni kazi nyingi kwa ajili ya vifaranga. Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sasa nimehesabu: kubadilisha maji, kutwanga ndagala kiganja kimoja, kuangalia kama maganda yamelowa, haifiki nusu saa kwa siku. Kazi kubwa ni ya wiki nne tu. Baada ya hapo yule anayejitafutia anaweza kweli kujitafutia.

Kuku wangu mwenye madoadoa ameatamia tena. Ana mayai kumi na mawili chini yake, na nimeweka alama kwenye kalenda siku ya 21. Kitunga kipo. Vifuniko viwili vya kopo vipo, mawe yameoshwa. Kwa chanjo ninawasubiri majirani wa avenyu yangu. Kufikia sasa nyumba saba zimekubali kuchanga. Yule mama muuza ndagala ndiye tuliyemwomba atunze mchango. Amekubali kwa sharti moja: vifaranga wakiangua, nimwitie aje awahesabu mwenyewe, na awahesabu tena baada ya wiki mbili. Nimekubali. Wewe msomaji wa avenyu ya pili, hesabu wako pia, na uanze kwa kuuliza jirani yako swali lile lile: mwewe ulimwona akibeba wangapi?